Mama yangu hakupigwa dawa Mwanjelwa: tuzungumze kuhusu hipnosi, ubongo na sauti tunazoziamini

Nesi wa Nusukaputi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Iringa kikazi ila kwetu ni Mbeya, na kisa ninachokileta ni cha huko. Ni kirefu, naomba mnivumilie. Mama mwenyewe ameniruhusu nikiandike.

Mama ana miaka 61, analima viazi mviringo kule Umalila. Ametusomesha watano kwa viazi hivyo. Madalali wa lumbesa wanajua kwamba kwake gunia ni gunia, halivikwi kilemba. Namsema hivi ili mjue si mtu wa kuchezewa. Mwezi uliopita alishuka soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini, kununua mbolea, akarudi mikono mitupu. Sh 780,000 ziliondoka ndani ya saa moja, na alizitoa mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Kijana mwenye viatu vya matope alimwamkia kwa heshima zote, akamuuliza nyumba ya mchungaji fulani. Kiswahili chake kilichechemea kama cha mtu aliyeshuka mjini siku hiyo hiyo. Mama akasema hamjui huyo mchungaji. Kabla hajapiga hatua akatokea baba wa makamo, suti safi, Biblia kwapani, naye akasimama kusaidia. Kijana akafungua kitambaa: vipande vinavyong'aa. Dhahabu ya Chunya, anasema, ameachiwa na bosi aliyefariki, anaogopa akienda kwa sonara watamdhulumu, anatafuta mtu mwaminifu wa kumshika mkono. Akapita mtu wa tatu, mwanamke mwenye kapu la mboga, akamsalimia yule baba kwa unyenyekevu, akamgeukia mama: "Huyu ni mtu wa Mungu, mimi alimwombea mwanangu."

Yule baba akasema wasali kwanza. Wakashikana mikono. Mama akaambiwa afumbe macho, avute pumzi taratibu, ataje majina ya watoto wake mmoja mmoja. Kisha atembee hatua saba bila kugeuka. Aliporudi aliwakuta palepale, kijana anatabasamu, "mama ana moyo safi." Yule baba naye akaacha begi lake kwa mama, akatembea hatua zake, akarudi, akalichukua. Halafu ikaonekana kwamba ili wagawane dhahabu, kila mmoja aonyeshe kwamba na yeye ana chake. Mama alikuwa na laki nne mkononi. Akaenda kwa wakala wa simu kutoa laki tatu na themanini zilizobaki. Binti wa wakala akamuuliza, "Bibi, uko salama? Unatoa zote?" Mama akamjibu kwa ukali. Mama yangu, ambaye hata kuku hamfokei.

Akarudi, akakabidhi pochi, akatembea hatua saba. Alipogeuka hapakuwa na mtu.

Nyumbani wote wakasema neno moja: amepuliziwa dawa. Jirani anasema ni chuma ulete, shemeji anasema ni unga wanaoupaka mkononi. Na mama amelikubali hilo kwa sababu jibu la pili analoliona mbele yake ni kwamba yeye ni mjinga. Tangu siku ile haendi kwenye kikoba, jumuiya haendi, sokoni anamtuma mdogo wangu. Hela inauma, lakini hili la kujifungia ndani ndilo lililonifanya nianze kusoma usiku baada ya zamu.

Mimi ni nesi wa usingizi, kulaza watu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nasema kwa moyo wote kwamba mama hakupigwa dawa, na kwamba yeye si mjinga. Kuna jibu la tatu, na sayansi ya ubongo imelichimba kwa miaka mingi kupitia hipnosi, yaani kumtuliza mtu kwa maneno mpaka aitikie anachodokezwa. Nitaliandika nikitoka zamu kesho. Kwanza nataka kusikia: kuna ambaye yamewahi kumkuta?

Mtoto wa Chimala

Pole sana dada, na umpe pole mama. Ila kwenye dawa nakukatalia. Shangazi yangu alipewa karatasi yenye anwani aisome, akaisogeza karibu na pua, akili ikaruka. Akafuatana nao kama kondoo mpaka benki. Hayo ni maneno tu kweli?

Mnyalu wa Kihesa

Kamwene. Mimi niko nyuma zaidi yenu. Hipnosi yenyewe ni kitu cha kweli au ni maigizo? Nilichowahi kuona ni mtu jukwaani kwenye video anamlaza mwenzake, kisha anamwambia awike kama jogoo.

Nesi wa Nusukaputi

Kaka wa Chimala, nianze na wewe, maana dawa naijua kwa mikono yangu.

Halotheni ndiyo dawa ya kuvuta niliyoizoea. Namfunika mgonjwa barakoa vizuri usoni, namfungulia dawa kidogo kidogo na oksijeni, na bado inachukua dakika kadhaa kabla hajalala. Sokoni, kwenye upepo wa Mbeya, pumzi moja ya kitu kilichopakwa kwenye karatasi haifiki popote. Watu hutaja pia skopolamini, na hiyo ni dawa kweli, wezi wa baadhi ya nchi huitia kwenye kinywaji. Lakini aliyepewa hiyo mdomo humkauka, mboni hutanuka, huchanganyikiwa, na baadaye hakumbuki. Mama yangu anakumbuka kila neno. Anakumbuka rangi ya kapu. Alikumbuka namba yake ya siri akiwa kwa wakala, akahesabu noti, akadai chenji ya mia tano. Aliyeleweshwa dawa hafanyi hivyo. Shangazi yako naye, muulize taratibu, pengine anakumbuka mengi kuliko tunavyodhani.

Swali la kama nguvu iko kwenye kitu au kwenye anayeamini lilishapimwa, tena zamani mno. Daktari Franz Anton Mesmer alitoka Vienna, akaingia Paris mwaka 1778 akidai ana nguvu ya sumaku inayotembea ndani ya miili ya wanyama na watu. Wagonjwa walizunguka pipa lenye vyuma, wengine walianguka na kutetemeka, na wengine kweli walipata nafuu. Mwaka 1784 mfalme Louis wa 16 aliunda tume. Ndani yake alikuwemo Benjamin Franklin, balozi wa Marekani wakati ule, na mkemia Lavoisier. Walifanya jambo rahisi kabisa: walifunga watu macho. Kijana wa miaka 12 aliambiwa kwamba mti mmoja katika bustani ya Franklin umewekwa nguvu, akapelekwa amefungwa kitambaa kutoka mti hadi mti. Alizimia kwenye mti ambao haukuguswa na mtu. Wengine walipopewa ile nguvu bila kujua, hawakusikia kitu. Tume ikaandika kwamba sumaku hiyo haipo, na kwamba kinachofanya kazi ni fikra za mgonjwa.

Hapo ndipo wengi hufunga kitabu wakisema, "Kumbe ni uongo." Mimi naona ndipo penyewe panapoanzia. Yule kijana alizimia kweli. Mwili wake ulianguka. Fikra inawezaje kumwangusha mtu chini ya mti?

Nesi wa Nusukaputi

Naendelea, sasa kwa kaka wa Kihesa.

Jina hipnosi lilienezwa na James Braid, daktari wa upasuaji Mskoti aliyefanya kazi Manchester, baada ya kutazama maonyesho ya watu wa sumaku mwaka 1841. Alichagua neno la Kigiriki la usingizi. Jina hilo limetupotosha hadi leo, kwa sababu aliye kwenye hipnosi hajalala. Anasikia, anajibu, akitaka anaweza kuinuka. Mtu niliyemlaza mimi huwezi kuzungumza naye.

Kwa kifupi, mtu anaalikwa kutulia na kukaza nia kwenye sauti moja, kisha anapewa madokezo. "Mkono wako unakuwa mwepesi, unapanda wenyewe." Kwa baadhi ya watu mkono unapanda, nao wanaapa hawakuupandisha. Mwaka 1959 Weitzenhoffer na Hilgard wa Chuo Kikuu cha Stanford walitengeneza kipimo cha madokezo 12. Katika toleo la miaka michache baadaye unaanzia kwenye mepesi, kama mkono kushuka, unapanda hadi kusikia mbu asiyekuwepo, na karibu na mwisho kutoona kitu kilicho mbele ya macho yako. Wachache wanapita karibu yote, wachache hawapiti hata moja, sisi wengi tuko katikati. Kuna waliopimwa wakiwa wanafunzi, wakapimwa tena baada ya miaka 25, alama zao zikawa karibu na zile za mwanzo.

Maana yake ni kwamba uwezo mkubwa uko kwa msikilizaji. Anayeongea hana miujiza. Hata yule wa jukwaani kwenye video yako, kazi yake kubwa ameifanya kabla ya onyesho, pale alipowachuja watu akabaki na wanaoitikia haraka. Na hakuna uhusiano wa maana kati ya alama hizo na ujinga. Hilo nilimsomea mama mara mbili.

Kuhusu maigizo. Mwaka 1997 kundi la Pierre Rainville huko Montreal liliwatumbukiza watu mkono kwenye maji ya moto ya nyuzi 47 huku wakipigwa picha za ubongo. Maji yaleyale, mtu yuleyule. Kwa dokezo moja karaha ya maumivu iliongezwa, kwa lingine ikapunguzwa. Eneo la ubongo linaloitwa singuleti ya mbele, ambalo linahusika na kuudhiwa na maumivu, lilipanda na kushuka kufuata dokezo. Eneo linalopokea mguso wenyewe halikubadilika hivyo. Hiyo ndiyo picha iliyonigusa kuliko zote, kwa sababu naiona wodini: wagonjwa wawili wana kidonda kilekile, mmoja anasema "nasikia lakini hakinisumbui", mwenzake analia.

London, mwaka 2003, Sarah-Jayne Blakemore na wenzake waliwapa watu wenye alama za juu dokezo kwamba mashine ya kamba ndiyo inayowainua mkono, kumbe wanauinua wenyewe. Ubongo ulifanya kama unavyofanya mkono unapoinuliwa kweli na kitu cha nje. Kwa kawaida, ukijigusa mwenyewe ubongo unajua ni wewe na unapunguza sauti ya taarifa hiyo, ndiyo maana mtu hajitekenyi akacheka. Hapa ule upunguzaji haukutokea. Kitendo ni chake, lakini mhuri wa "ni mimi" haukupigwa.

Na mwaka 2017 David Spiegel na wenzake, Stanford tena, walichuja watu 545 wakachukua 57, wenye alama za juu kabisa na za chini kabisa, wakawaweka kwenye MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Kwa wale wa juu wakiwa kwenye hipnosi, sehemu moja ya singuleti ilitulia, nayo ni sehemu ambayo hukagua kama kuna jambo haliendi sawa. Sehemu ya mbele inayopanga vitendo ilishikana zaidi na ile inayosikiliza mwili, na ikaachana na mtandao ule tunaoutumia tunapojifikiria na kujitathmini. Mtu anatenda, lakini yule wa ndani anayeuliza "hivi mimi ninafanya nini hapa?" amenyamaza kidogo.

Someni tena habari ya mama kwa wakala. Binti alimuuliza swali ambalo ubongo wake mwenyewe ulikuwa umeacha kuuliza. Ndiyo maana akafoka.

Mzee wa Kanisa, Tukuyu

Ugonile, binti. Nimesoma kwa utulivu. Nakuuliza waziwazi: wale matapeli walitumia sala. Wewe unaelekea kusema sala zetu na maombezi ni hiyo hipnosi? Mkoa wetu una makanisa mengi na watu wamepona. Usitubomolee.

Nesi wa Nusukaputi

Ndaga, baba. Shikamoo. Mimi mwenyewe naimba kwaya, nisingependa kubomoa.

Kuna utafiti ambao ndio hasa ulionipa jibu la mama, na unahusu jambo unalouliza. Mwaka 2011 Uffe Schjoedt na wenzake wa Aarhus, Denmark, waliwachukua Wakristo 18 wa makanisa ya maombezi na watu 18 wasio wa dini. Wakawasikilizisha sala zilizorekodiwa wakiwa kwenye MRI. Waliambiwa kwamba msomaji huyu si Mkristo, huyu ni Mkristo wa kawaida, na huyu ni Mkristo mwenye karama ya kuponya. Ukweli ni kwamba wasomaji wote walikuwa Wakristo wa kawaida. Waumini waliposikia sauti waliyoambiwa ni ya mponyaji, sehemu za mbele za ubongo, nyuma ya paji la uso, zinazopima na kuhoji, zilipungua kazi. Kwa wasio wa dini halikutokea hivyo. Na kadiri zilivyopungua kwa mtu, ndivyo alivyosema baadaye kwamba alisikia uwepo wa Mungu.

Mashine ile haikumpima Mungu, baba. Ilimpima msikilizaji, na ikaonyesha kwamba tukishamtambua mtu kuwa wa kuaminiwa, tunamwachia usukani mapema, kabla hajasema neno la maana. Mtoto anamwachia mama. Mgonjwa ananiachia mimi. Bila hilo hakuna mtu angelala kwenye meza ya upasuaji. Matapeli waliijua njia hiyo: suti, Biblia, na yule mwanamke wa kapu la mboga. Yeye ndiye aliyefanya kazi ya wale watafiti wa Denmark, alimwambia mama sauti anayoisikia ni ya nani.

Mzee wa Kanisa, Tukuyu

Nimekuelewa. Hapo hatugombani. Kwa kweli hata maandiko yanatuambia tuzijaribu roho. Nitalisema Jumapili, bila kumtaja mama.

Dereva wa Kitonga

Mimi naendesha Mbeya–Dar. Kuna siku nakuta nimefika Chimala sikumbuki Igawa nimeipitaje, na gari liko salama, abiria wazima. Hiyo nayo ni hiyo?

Nesi wa Nusukaputi

Ni binamu yake, kaka. Kuzama kwenye jambo moja mpaka mengine yajiendeshe. Watu wanaozama kirahisi, kwenye hadithi au muziki, huwa na alama za hipnosi za juu kidogo, si sana. Ila kwako nina wasiwasi na uchovu kuliko hipnosi. Tafadhali pumzika Makambako.

Mwalimu wa Makambako

Umenitaja mji wangu nami nina swali. Shule niliyofundisha zamani, ya bweni, wasichana walikuwa wanaanguka. Anaanza mmoja, saa moja baadaye wako kumi na tano. Wazazi wanasema mapepo, wengine wanasema wanajifanya ili wafungiwe shule. Niliwabeba mikononi mwangu wale watoto, mapigo ya moyo yanakimbia, hawajifanyi. Je, ndugu zangu, hili liko kwenye mada?

Mhaya wa Uyole

Mwalimu, kwetu Kagera ndiko lilikoandikwa hadi likajulikana duniani. Kashasha, shule ya wasichana ya misheni. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kuweza kuacha. Ikasambaa hadi wanafunzi 95 kati ya 159. Walimu hakupata hata mmoja. Shule ikafungwa tarehe 18 Machi, watoto wakaenda nyumbani nayo, vijiji vingine vikashikwa. Madaktari Rankin na Philip walipima damu, wakachunguza chakula, hawakupata kidudu wala sumu. Bibi yangu alikuwa akitusimulia kwa huzuni, maana watu wa mbali wanalitaja kama kichekesho na watoto wale waliteseka.

Nesi wa Nusukaputi

Asante sana kwa hilo la mwisho. Mwalimu, liko kwenye mada kwa kiasi. Pale hakuna mtu mmoja anayetoa madokezo, dokezo ni mwenzako wa kitanda cha jirani aliyeanguka. Na angalia walimu hawakupata: inasafiri kwa wanaojiona ni wa kundi moja, wenye hofu moja. Ulivyosema hawajifanyi, ndivyo ilivyo. Kilichosaidia sehemu nyingi ni kuwatenganisha kwa upole, kuondoa watazamaji, na kushughulikia kinachowatisha pale shuleni. Kuwakemea au kuwakusanya uwanjani mbele ya wote kunaongeza.

Nirudi kidogo kwa mama kwa sababu kuna jambo sikulimaliza. Kusema kweli kabisa, alichofanyiwa si hipnosi kwa maana ya kitaalamu. Hipnosi hufanywa kwa makubaliano, unajua unaingia. Lakini imeazima ngazi zake. Kufumba macho, pumzi, majina ya watoto, hatua saba, kila moja ni ombi dogo lisilo na hasara, na kila ukiitikia unakuwa umeshakubali kuitikia linalofuata. Wapimaji wa Stanford nao hawakuanza na jambo gumu.

Na kuna jaribio la Martin Orne na Frederick Evans la mwaka 1965 ambalo nalipenda kwa ukweli wake. Waliwataka watu walio kwenye hipnosi wamshike nyoka wa sumu, watie mkono kwenye tindikali, wammwagie mtu tindikali usoni. Walifanya, usalama ukiwa umepangwa kwa siri. Ungesema basi, hipnosi inamfanya mtu kuwa mashine. Lakini wakachukua wengine ambao hawakuwa kwenye hipnosi, wakawaambia waigize tu, na hao nao walifanya. Walipoulizwa, walisema walijua chuo hakiwezi kuruhusu mtu aumie. Kilichowasukuma ni imani katika mahali walipo na watu waliowazunguka. Ndivyo na mama: alikuwa Mwanjelwa anakonunua mbolea kila msimu, mchana, kati ya watu waliomwamkia vizuri na kumwombea wanawe.

Mtoto wa Chimala

Basi tumpeleke mama kwa mtaalamu wa hipnosi, akumbuke sura zao vizuri tuwapeleke polisi.

Nesi wa Nusukaputi

Hapana, kaka yangu, tafadhali. Hapo ndipo hipnosi ilipowahi kuwaumiza watu. Anayeulizwa akiwa kwenye hipnosi husema mengi zaidi, ya kweli na ya kubuni, na yote anayaamini kwa uhakika uleule. Madaktari wa Marekani walitoa tahadhari hiyo mwaka 1985. Mama anaweza kutoka pale "amemkumbuka" muuza nyanya asiye na hatia. Alichokieleza polisi siku ileile kinatosha.

Mkunga Mstaafu

Mwanangu, umesema mengi ya wezi. Sema na ya kwetu wodini. Nimezalisha miaka 34, Njombe na Mbeya. Nilijua bila kusoma kokote kwamba kuna mkunga akiingia leba wanawake wanatulia, na kuna mwingine akiingia wanaanza kupiga kelele, na dawa ni zilezile.

Nesi wa Nusukaputi

Shikamoo mama. Hili ndilo lililobadilisha kazi yangu, niliandike vizuri.

Kabla ya sindano ya mgongo tunachoma ganzi ya ngozi. Mimi miaka yote nilikuwa nawaambia, "Utasikia kama nyuki anakuuma." Nilidhani nawaandaa. Mwaka 2010 Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 140 wa uzazi. Nusu waliambiwa hivyohivyo, kwamba ni kama kuumwa na nyuki mkubwa, hili ndilo baya kuliko yote. Nusu waliambiwa, "Tunakupa ganzi sasa, sehemu hii itakufa ganzi na utakuwa vizuri." Sindano ileile. Wa kwanza walitaja maumivu ya 5 kati ya 10, wa pili 3. Nilipoisoma nilikaa kimya muda mrefu nikiwafikiria wote niliowapelekea nyuki.

Elvira Lang alifuata wagonjwa 241 waliofanyiwa matibabu ya mishipa na figo bila kupewa usingizi, matokeo yakatoka mwaka 2000. Waliosomewa maneno ya hipnosi mezani walihitaji dawa kidogo, na kazi ilichukua wastani wa dakika 61 badala ya 78. Liège, Ubelgiji, tangu 1992 Marie-Elisabeth Faymonville na wenzake wamefanya maelfu ya upasuaji, hata wa tezi ya shingo, kwa hipnosi pamoja na ganzi ya sehemu na dawa kidogo ya kutuliza. Wala si kwamba hipnosi inafungua tu mofini ya mwilini, ile dawa ya maumivu ambayo mwili hujitengenezea: watafiti waliwapa watu naloksoni, dawa inayozima kazi ya mofini, na nafuu ya hipnosi haikuondoka.

Mimi si mtaalamu wa hipnosi na silazi mtu kwa maneno, dawa zangu ziko palepale. Nilichobadilisha ni kauli. Mtoto aliyeungua uji, siku ya kusafisha kidonda, namuuliza ng'ombe wa kwao wanaitwaje, wa kwanza nani, anatembeaje kwenda mtoni, maji ni ya baridi kiasi gani. Simwambii "usiogope", kwa sababu neno analolisikia humo ni "ogopa". Nashusha sauti, navuta pumzi naye. Wengine hawaitikii hata kidogo, na hao nawaongezea dawa bila kuwalaumu, maana tulishaona kwamba watu hatuko sawa katika hili.

Mkunga Mstaafu

Barikiwa. Ungekuwa wodi yangu.

Dada wa Njombe

Nimesoma tangu jana nikilia. Mimi nilipigwa 2019, mtaji wote wa duka, hatua saba hizohizo, ila mimi waliniambia nitaje jina la marehemu baba. Mume wangu mpaka leo anaamini niliwapa wazazi wangu hela nikasingizia. Naomba ruhusa nimwonyeshe uzi huu.

Nesi wa Nusukaputi

Dada yangu, mwonyeshe. Akitaka kuuliza jambo, aje hapa au aniandikie pembeni, nitamjibu mwenyewe.

Wakuu, nimekuja Mbeya wikiendi hii. Jana usiku nilikaa jikoni na mama nikamsomea uzi wote, na yenu yote, hadi ya mzee wa Tukuyu. Alisikiliza huku anamenya viazi. Nilipofika kwa yule kijana wa kwenye mti wa Franklin aliniambia nirudie. Mwisho akauliza jambo moja tu: yule binti wa wakala, nadhani ana umri gani?

Leo asubuhi tulishuka naye Mwanjelwa. Ni mara ya kwanza tangu siku ile. Alibeba ndoo ya viazi, vile vyekundu alivyovitenga kwa mbegu. Binti alimkumbuka, akaanza kusema, "Bibi, nilijaribu..." Mama akamshika mikono akamwambia, "Uliniuliza vizuri, mwanangu. Nilikusikia." Nilisimama nje nikawaacha. Wamekaa humo karibu nusu saa, wateja wanasubiri kwenye foleni, mama anampangia namna ya kuvipanda.